Mwaka wa Mahema pale Igunya

Tulipomzika Shija, mwezi wa saba mwaka jana, mjane wake alinishika mkono mbele ya waombolezaji akawaambia wajukuu zake, "Huyu ndiye yule dada aliyekunywa maji." Watoto wakanitazama kama mtu aliyetoka ndani ya redio. Mmoja wao, binti wa sekondari, akauliza, "Ndiye aliyemwokoa yule bibi kizee asiuawe?" Mjane akasema ndiye. Nilisimama pale, mwanamke wa karibu miaka sitini, nikapokea sifa mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka, na marehemu ndiye mtu pekee ambaye angeweza kucheka na kusema, "Kabula, waambie basi na mwanzo wake." Habari wanayoisimulia watu wa Igunya ni ya kweli, ila wanaianzia katikati, na mtu mmoja wamemsahau kabisa. Nimerudi Mwanza nikiwa na uzito moyoni, nikaona dawa yake ni kuandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya pamba mjini Bariadi, mpaka siku tulipoitwa mmoja mmoja na kuambiwa watu wanapunguzwa. Ulikuwa ule wakati wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Duka lililokuwa na sabuni ya foleni sasa lilikuwa na sabuni za rangi tatu na hakuna foleni, na sisi tuliokuwa na kazi ya kudumu hatukuwa na kazi. Wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia na malori yao, mitumba ilimwagwa sokoni kwenye maturubai, na kila mtu mjini alikuwa na mpango. Mpango wa Mama Tesha ulikuwa wa ajabu kuliko yote. Alikuwa mama kutoka Moshi, mnene kiasi, mwenye miwani ya kamba, aliyefanya kazi miaka mingi kama msimamizi wa vyumba katika hoteli ya umma, akaacha mwenyewe kabla hajaachishwa. Nilimkuta kwenye hoteli ya Bwana Salumu, anakunywa chai ya rangi na chapati, anauliza nani anajua msichana anayesoma Kiingereza na kusema Kisukuma. Bwana Salumu akaninyooshea kidole. Mama Tesha akaniuliza, "Unajua kutandika kitanda?" Nikasema najua. Akasema, "Hujui. Nitakufundisha."

Kambi yake ilikuwa upande wa mashariki, mbali na barabara kuu, chini ya kilima cha mawe makubwa kinachoitwa Igunya, mahali ambapo mashamba yanakwisha na pori linaanza. Mahema yalikuwa manane. Si mahema ya kuinama. Mtu mrefu alisimama ndani bila kugusa paa. Kila hema lilikuwa na vitanda viwili vya mninga, godoro nene, mashuka meupe, chandarua, mkeka wa Tabora sakafuni, meza ndogo yenye taa ya chemli na birika la maji ya kunywa lililofunikwa kitambaa chenye shanga pembeni. Nyuma kulikuwa na kiambaza cha turubai, na ndani yake bafu la ndoo iliyoning'inizwa juu, yenye kichwa kama cha kumwagilia bustani, na pembeni choo cha kukalia chenye mnyororo wa kuvuta. Vyoo hivyo ndivyo vilikuwa fahari ya Mama Tesha. Alivisafirisha kutoka Mwanza vikiwa vimezungushiwa majani ya mgomba, na fundi alipopasua kimoja alikaa chini akashika kichwa kama aliyefiwa. Kwa wiki tatu za mwanzo alinifundisha mashuka tu: kona inakunjwa hivi, inabanwa hivi, ukidondosha senti juu ya kitanda iruke. Nilizikunja kona zile mpaka vidole vikaota sugu. Kuanzia mwezi wa nne wageni wakaanza kuja, wazungu wa miradi kutoka Mwanza na Shinyanga, mabwana wa balozi, mara moja hata Waasia wa Nairobi na watoto wao. Walikuja kulala laini na kupanda pagumu. Ndivyo Mama Tesha alivyosema: mgeni wa siku hizi anataka achubuke magoti mchana, na jioni akute maji ya moto.

Pagumu palikuwa pa Shija. Alikuwa kijana wa rika langu, mwembamba, aliyechunga mbuzi kwenye kilima kile tangu akiwa na meno ya utoto, na sasa alikuwa mwongoza wageni mwenye kofia. Alikata njia tatu. Ya kwanza ilizunguka kilima kwa saa moja, ya pili ilipanda mpaka kwenye uwazi wa kutazama pori, na ya tatu, aliyoiita Njia ya Nyani, ilihitaji mikono miwili, magoti na sala. Mimi mwenyewe niliipanda mara moja, nikiwa nimevaa suruali ya mgeni iliyosahauliwa, na nilipofika juu nilitapika kisha nikacheka. Shija alijifunza maneno ya Kiingereza yasiyozidi thelathini, yote ya miguu: pole pole, hapa panateleza, kaa, simama, karibu tumefika. Alisema hilo la mwisho huwa ni uongo lakini ni uongo mzuri. Wanakijiji wa kitongoji cha chini walikuwa wakisimama kwenye mashamba yao kuwatazama wageni wakipanda. Nilimsikia mzee mmoja akiuliza, "Kwao wana nyumba?" Mwenzake akajibu wanazo, tena za ghorofa. "Sasa kwa nini walale kwenye turubai?" Akajibiwa, "Labda wamefukuzwa na wake zao." "Na hao wanawake je?" Hapo mazungumzo yakaishia.

Nyumba ya mwisho ya kitongoji, karibu kabisa na sisi, ilikuwa ya Mayu Ngolo, yaani Mama Ngolo kwa Kisukuma. Alikuwa mjane asiye na mtoto aliye hai, miguu yake imevimba kwenye vifundo, macho mekundu kwa moshi wa kupikia ndani. Kila asubuhi nilipopita kwenda kwenye jicho la maji, chemchemi yetu, alikuwa ameketi mlangoni. "Mwangaluka, mayu," nasema. "Mwangaluka, ng'wanike," ananijibu, yaani binti. Kisha ananiuliza wageni wamekula nini jana. Nikimwambia supu ya malenge yenye maziwa, au samaki wa Mwanza mwenye limau, anacheka mpaka anakohoa: malenge na maziwa! Mara mbili tatu alinipa karanga kwenye pindo la khanga. Sikumfahamu zaidi ya hapo, lakini kwa mtu aliye mbali na kwao hapo panatosha.

Lile jicho la maji lilikuwa chini ya jiwe kubwa, kati ya kambi na kitongoji. Lilikuwa halikauki, ila kiangazi lilipungua mpaka ukichota ndoo kumi unasubiri. Punda wetu wanne walibeba maji kutwa kujaza mapipa ya vyoo na mabafu. Mpaka mwezi wa nane hatukugombana na mtu. Mwezi wa tisa wanawake wa kitongoji walikuwa wanafika alfajiri, wanachota mpaka saa nne, na punda wetu wakirudi na mapipa nusu. Nilisikia mgeni mmoja, mama wa makamo, akimwambia mumewe kwa Kiingereza kwamba amevuta mnyororo mara tatu na hakuna kinachotoka. Mama Tesha naye alisikia. Alikuwa anatarajia kundi la watu kumi na sita kwa wiki mbili, kundi la kwanza la kujaza mahema yote.

Aliniita kwenye hema la stoo, tukaanza kuhesabu taulo. Akasema bila kuniangalia, "Nimeongea na mwenyekiti wa kitongoji. Nimemwomba tugawane saa. Kasema maji ni ya Mungu. Sawa, lakini Mungu hanijazii mapipa." Nikasema tuongeze punda, tukachote mtoni. Akasema mtoni ni kuchimba mchanga, na kundi linakuja Jumatatu. Kisha akasema, "Waambie tumetia dawa ya kusafisha. Mwezi mmoja tu wasichote. Wewe wanakuamini, unaongea lugha yao." Nikamuuliza, "Tumetia kweli?" Akanitazama juu ya miwani. "Kabula, mwanangu, kama ningetia kweli wageni wangeoga nini?"

Ningependa kuandika kwamba nilikataa kwanza, au kwamba nililia. Sikukataa. Nilikuwa nimeonja miezi sita ya kuwa mtu: nina funguo, nina watu wanne chini yangu, napata mshahara tarehe ileile kila mwezi, na mwanamke ninayemheshimu ananiita mwanangu. Nilijiambia mwezi mmoja si kitu, mtoni wanawake walikwenda pia miaka mibaya. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye jicho la maji, nikawasalimia wote kwa heshima, nikawaambia. Na hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko nilivyojua siku ile. Kwa Kisukuma nilisema tumetia *bugota*. Neno hilo ni dawa ya hospitali, na ni dawa ya mganga, na ni dawa ya mchawi. Lugha yetu haitenganishi. Mayu Ngolo, ambaye alikuwa amejikongoja mpaka pale na kibuyu chake, aliniuliza, "Dawa ya nini?" Nikasema ya kuua wadudu. "Na mbuzi wasinywe?" Nikasema hata mbuzi. Alinitazama kwa muda, kisha akamwaga maji ya kibuyu chini, polepole, akarudi kwake. Wengine wakamwaga ya kwao. Shija alikuwa ameegemea jiwe, amesikia kila kitu. Alikuwa amekunywa maji yale muda mfupi kabla. Hakusema neno, na mimi nilimshukuru kwa hilo.

Wiki zile mbili za kundi zilikuwa nzuri kuliko zote. Mapipa yalijaa. Wageni walirudi kutoka Njia ya Nyani wamechubuka na wamefurahi, wakakuta maji ya moto, wakakaa kwenye viti vya turubai na miguu kwenye mabeseni. Mpishi wetu alioka mkate kwenye debe lililofukiwa mkaa, akapika kuku kwa nazi iliyoletwa na gari kutoka Mwanza, na Mama Tesha alizunguka meza moja moja akiuliza kama kuna kinachopungua. Hakuna kilichopungua. Kutoka kwenye hema la kufulia niliwaona wanawake wa kitongoji wakipita mbali, mstari mmoja, ndoo kichwani, wakienda mtoni. Walikuwa wakitoka asubuhi na kurudi jua likiwa kichwani. Nilijifunza kupiga pasi nikiwa nimegeukia upande mwingine.

Siku ya kumi na mbili, baada ya chakula cha mchana, wageni wakiwa wamejipumzisha, Shija alikuja pale ninapofulia akakaa juu ya pipa. Alikuwa ametoka kwenye pombe ya mtama kwa mwenyekiti. "Ndama wawili wa Masanja wamekufa," akasema. "Na mtoto wa Mbuke ana homa, yuko hospitali Bariadi." Nikasema pole yao. Akasema, "Sikiliza kwanza. Wamemwona Ngolo anachota maji. Hawezi kufika mtoni na miguu ile, basi anachota hapa kila asubuhi kabla watu hawajaamka. Wamemwona anakunywa. Wiki mbili anakunywa na hafi." Nikasema, "Hafi kwa sababu hakuna kitu." Akasema, "Mimi najua, na wewe unajua. Sisi ni watu wa kambi, wanasema tumekingwa. Yeye amekingwa na nani? Wanasema dawa ni ya kwake. Wanasema watu wa kambi walinunua dawa hiyo kwake." Kisha akanikumbusha bibi wa kijiji cha jirani, mwaka juzi. Naye aliitiwa kikao, kikao kikaisha kwa salama, watu wakapeana mikono, na baada ya siku nne akakutwa amekatwa mapanga shambani kwake. Kikao cha Ngolo kilikuwa kesho saa nne.

Nilikwenda kwa Mama Tesha nikiwa bado na povu mikononi. Alikuwa anakunja vitambaa vya meza. Nilimweleza yote. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Alikaa. Akasema, "Sikukutuma umuue mtu." Nikasema, "Hapana, mama. Ulinituma niseme, nami nikasema." Akasema wageni wanaondoka keshokutwa, nisubiri, yeye mwenyewe atakwenda kuongea na mwenyekiti. Nikamwambia kikao ni kesho. Akaendelea kukunja. Alikunja vitambaa vitatu au vinne kabla ya kusema, "Ukisimama pale ukasema tulidanganya, hapa hatutakaa. Watatuchomea mahema. Nimeweka maisha yangu yote hapa, Kabula." Akasema, "Ukienda, usirudi." Nilirudi kufua kwa sababu mashuka yalikuwa kwenye maji.

Asubuhi Shija alinisubiri njiani, bila kofia yake. Nikamwambia yeye si lazima aje, hakusema uongo wowote. Akasema, "Wewe ulisema, mimi nilinyamaza. Twende." Tulipita kwenye jicho la maji akajaza kibuyu. Watu walikuwa wamekaa uwanjani kwa mwenyekiti, wanaume kwenye vigoda, wanawake chini upande wa pili. Mayu Ngolo alikuwa peke yake katikati, miguu imenyooshwa, mikono mapajani. Hakuna aliyemfunga wala kumshika. Walimwachia tu nafasi pande zote, kama watu wanavyoacha nafasi karibu na moto. Niliomba kusema. Mwenyekiti akaniruhusu. Nikasema kwamba hakuna dawa, haikuwapo siku yoyote, kwamba nilidanganya ili maji yabaki kwa wageni. Mzee mmoja akauliza, "Ulitumwa?" Nikasema nilitumwa, lakini aliyesema ni mimi. Kisha nikachukua kibuyu nikanywa. Hiyo ndiyo sehemu wanayoisimulia.

Wasichosimulia ni kwamba haikusaidia. Masanja alisimama, yule wa ndama, akasema kwa utulivu kabisa, "Huyu yuko kambini. Wamemkinga." Shija akanywa. Masanja akasema, "Na huyo pia." Watu wakaguna kukubali. Nilikuwa nimekuja na ukweli mkononi nikidhani ukifika tu kazi imekwisha, kumbe nilishawafundisha watu wasiniamini, tena wamejifunza vizuri. Mwenyekiti akatazama chini. Ndipo akainuka Mbuke, mama wa yule mtoto mgonjwa. Alikuwa amerudi kutoka Bariadi asubuhi ileile, vumbi la safari bado liko kwenye khanga yake. Sikuwa nimewahi kuongea naye zaidi ya salamu. Alikuja akanipokonya kibuyu, kwa hasira, na akasema, "Mimi simo kambini. Mtoto wangu hospitali wamempima, wameona malaria, wamemchoma sindano, leo asubuhi ameomba uji. Kama kuna mwenye haki ya kumlaumu huyu mama ni mimi." Akanywa maji yote yaliyobaki, akafuta mdomo, akakaa chini palepale kando ya Ngolo, katika ile nafasi iliyoachwa wazi. Wanawake wawili wengine wakainuka wakaenda kukaa naye. Kisha watatu. Masanja alibaki amesimama kidogo, halafu akakaa. Mbuke ndiye aliyemwokoa Ngolo. Alifariki miaka mingi iliyopita, na pale msibani sikusikia mtu akitaja jina lake.

Niliporudi kambini kuchukua vitu vyangu nilikuta sanduku langu liko nje ya hema la stoo, nguo zimekunjwa vizuri mno, kona kwa kona. Mama Tesha hakutoka. Hawakuyachoma mahema. Nilisikia baadaye kwamba wiki ileile aliving'oa vyoo vya mnyororo, akachimba vya shimo, akawaachia wanawake jicho la maji kila siku mpaka saa sita, na kwamba wageni walilalamika kidogo kisha wakazoea. Kambi ilidumu miaka mitano zaidi, akauza, akarudi Moshi. Shija alimwongozea wageni mpaka mwisho, hakumfukuza. Mimi nilipata kazi kwa mnunuzi binafsi wa pamba, baadaye nikahamia Mwanza, na maisha yangu yaliyofuata ni habari nyingine.

Mayu Ngolo hakukaa. Siku ya tatu baada ya kikao, mdogo wake wa kiume alikuja na mkokoteni wa ng'ombe akamchukua kwenda Lalago. Alijua, kama Shija alivyojua, jinsi vikao vinavyoisha. Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeanza, nilipanda basi mpaka Maswa, na kutoka hapo nikabebwa kwa baiskeli. Nilimkuta ameketi mlangoni mwa nyumba isiyo yake, anachambua choroko. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akaitika. Nikasema nimekuja kuomba radhi, nikaeleza yote tangu mwanzo, hata ile siku ya taulo. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Nilijua siku ileile. Mtu anayetia dawa kwenye maji haji kuwasalimia watu kwanza." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema mimi, nani angenisikia?" Kisha akamwita mke wa mdogo wake aniletee maji ya kunawa. Waliniwekea ndani matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, na bakuli la maziwa mgando, chakula cha mgeni wa heshima katika nyumba isiyo na vingi. Nikasubiri akae tule pamoja, kama ilivyo desturi yetu mtu akikusamehe. Mayu Ngolo akachukua ungo wake wa choroko, akajikongoja nje, akaketi juani akiwa amenipa mgongo, na hakurudi ndani mpaka nilipomaliza kula.